Thamani ya Fundi Mwenye Kuseti Mtambo

Katika mazungumzo ya siku hizi juu ya viwanda, maneno mengi husemwa kuhusu mtaji, umeme, kodi, barabara na bandari, na yote ni maneno ya haki, maana hakuna kiwanda kilichosimama hewani. Lakini aghalabu husahauliwa watu wawili ambao bila wao mtaji hulala, umeme huteketea bure na bidhaa haifiki sokoni, nao ni fundi mwenye kuiweka mashine tayari kwa kazi, na mwendeshaji mwenye kuilinda katika mwendo wake. Nia ya makala haya ni kutoa hoja kwamba katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako soko ni dogo na mahitaji ni ya namna nyingi, ufundi wa kuseti mtambo ni rasilimali adimu kuliko mtambo wenyewe, na ya kuwa tusipoufundisha, kuulipa na kuustahi ufundi huo, tutaendelea kununua vyuma kwa fedha za kigeni na kuvuna kutu.

Kwanza yafaa tuifahamu kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi, na miongoni mwao wamo wenye elimu kubwa, hudhani kwamba mashine ya kiwandani hubonyezwa kitufe ikaanza kumimina bidhaa. Tuchukue mathalani kiwanda cha vyombo vya plastiki, ambamo mashine ile ile itoayo ndoo za lita 20 leo hutakiwa kesho itoe mabeseni, na keshokutwa makreti ya soda. Kila bidhaa ina kalibu yake, pande mbili za chuma zikutanazo, zenye uzito wa mamia ya kilo na pengine tani nzima. Fundi huizima mashine, akaiteremsha kalibu ya jana kwa winchi na kuipandisha ya leo, akaisogeza hata tundu lake likabiliane barabara na mdomo wa mashine, akazikaza bolti kwa zamu za kukingamana, asimalize upande mmoja na kuuacha wa pili ukilegea. Akaunga mipira ya maji ya kuipoza. Akakamua plastiki ya rangi iliyosalia ndani ya pipa la kuyeyushia, maana chembe moja ya buluu yatosha kumkataza mteja ndoo nyeupe. Akapandisha joto kupita digrii 200. Kisha ndipo akaanza kutafuta kadiri ya kila kitu, shinikizo kiasi gani, kasi kiasi gani, sekunde ngapi za kupoza.

Ndoo ya kwanza hutoka ukingo wake haukujaa. Ya pili imejaa kupita kiasi, plastiki imechuruzika katika maungio ya kalibu ikaacha utando mkali wenye kukata vidole. Ya tatu yapendeza machoni, lakini ikiwekwa juu ya meza huyumba, kwa sababu kitako chake kilipoa bila usawa kikajikunja. Fundi huipima kwa mizani, huiinua mbele ya mwanga, hupitisha kidole gumba katika ukingo, halafu huirudia mashine yake na kubadili jambo moja, moja peke yake, kwa kuwa anajua kwamba akibadili mawili kwa pamoja hatatambua ni lipi lililoponya na ni lipi lililodhuru. Huo ndio utaratibu wa mtu wa maarifa, na hautofautiani na utaratibu wa mwanachuoni aliye katika maabara, ila mmoja huitwa daktari na mwingine huitwa kijana wa mashine.

Katika karakana za chuma hali ni hiyo hiyo. Sanaa ya kukereza si ngeni kwetu. Wakereza wa mwambao, tangu Lamu hata Unguja, walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo iliyozungushwa kwa upinde na kamba, na kazi ya mikono yao ingali fakhari ya nyumba nyingi. Kerezo ya chuma, ambayo mafundi wetu huiita leithi, yataka jicho lile lile lakini kwa vipimo vikali zaidi. Shafti ikikaa upande katika choki, yaani kishikio cha leithi, kwa sehemu 5 za mia za milimita, tofauti isiyozidi unene wa unywele wa kichwa, beringi itakayovikwa shafti hiyo itanguruma, itapata moto na kufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo fundi huweka kipimo cha saa juu ya shafti, akaizungusha choki kwa mkono polepole, akaufuata mshale unavyopanda na kushuka, akagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, akazungusha tena, akagonga tena, mpaka mshale utulie. Mpita njia akimtazama wakati huo atasema kwamba fundi hafanyi kazi, kwa kuwa mashine haivumi na maranda ya chuma hayaruki. Kumbe kazi yote iko hapo. Yatakayofuata ni matokeo tu.

Kosa la kudhani kuwa saa za kuseti ni saa zilizopotea limekuwako tangu viwanda vilipoanza, na sambamba nalo lipo kosa la kudhani kuwa mashine imeuondoa ustadi wa bin Adamu. Wenye dhana hiyo hupenda kutaja kiwanda cha kapi za merikebu kilichojengwa Portsmouth, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, ambacho mitambo yake iliwazwa na Marc Brunel na kutengenezwa na Henry Maudslay. Kilipofika mwaka 1808 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110. Hesabu hizo ni za kweli, lakini maana yake husomwa nusu. Ustadi wa wale 110 haukupotea. Ulihama kutoka katika mikono ya wachongaji ukaingia katika mikono ya wale walioitengeneza mitambo, walioisawazisha, waliovinoa visu vyake na kuirudisha katika mstari kila ilipopotoka. Mwendeshaji aliweza kuwa mtu wa kawaida kwa sababu nyuma yake alisimama fundi asiye wa kawaida. Nchi inunuayo mitambo na kumwacha fundi huyo ng'ambo imenunua nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima.

Mfano wa pili, ambao naona watufaa zaidi, watoka Japani. Mwaka 1950 mhandisi Shigeo Shingo aliitwa katika kiwanda cha Toyo Kogyo, Hiroshima, kampuni ijulikanayo leo kwa magari ya Mazda, kutazama mashine kubwa za kukandamiza mabati zilizodhaniwa kuwa zimeelemewa na kazi. Wenye kiwanda walitaka mashine zaidi. Yeye akaomba ruhusa ya kukaa na kutazama. Siku ya tatu kalibu ya mashine ya tani 800 ikawa yabadilishwa, na katikati ya kazi mfanyakazi mmoja akaondoka mbio. Bolti moja ya kuikazia kalibu mpya ilikuwa haionekani. Alirejea baada ya zaidi ya saa nzima akitokwa na jasho, amefurahi kwamba amepata. Alikuwa ametwaa bolti ndefu ya mashine ya jirani, akaikata na kuichonga meno upya ili itoshe. Shingo akamwuliza itakuwaje siku mashine ile ya jirani itakapoitaka bolti yake.

Muda huo wote mashine ya tani 800 ilikuwa imesimama, na ilisimama kwa ajili ya kitu kilichoweza kutafutwa, kuhesabiwa na kupangwa juu ya meza siku moja kabla. Kutokana na tukio hilo Shingo aligawa kazi ya kuseti mafungu mawili: ile isiyoweza kufanywa ila mashine imesimama, na ile iwezayo kufanywa huku mashine ikiendelea na bidhaa ya awali, kama kuleta kalibu, kukagua bolti, kuandaa spana na kupasha moto vifaa. Mgawanyo huo waonekana mwepesi, lakini matunda yake yaliitikisa dunia ya viwanda. Mwaka 1969, katika kampuni ya Toyota, mashine ya tani 1,000 ilikuwa ikisetiwa kwa saa 4, ilhali Volkswagen ya Ujerumani iliseti mashine ya namna hiyo kwa saa 2. Kwa kazi ya miezi sita Toyota walishuka hata dakika 90, na kwa miezi mingine mitatu wakafika dakika 3.

Kwa nini Wajapani walijitaabisha hivyo? Jibu lake ndilo linalotuhusu sisi. Taiichi Ohno, aliyeongoza mabadiliko ya Toyota, alieleza kwamba baada ya vita soko la Japani lilikuwa dogo na lilitaka magari machache ya namna nyingi. Hawakuweza kuwaiga Wamarekani wa Detroit, ambao waliiacha kalibu moja ikigonga kipande kimoja kwa siku na wiki, kwa kuwa walikuwa na wanunuzi wa kukimaliza. Mwenye soko dogo hana njia ila kubadili kazi mara kwa mara, na mwenye kubadili mara kwa mara hana pona ila abadili upesi na kwa usahihi.

Na sisi tu wenye soko dogo. Kiwanda cha ndoo cha Mwanza au cha Nakuru hakina watu milioni mia tatu wanaongoja ndoo ya aina moja. Kinao wachuuzi wanaotaka ndoo kidogo, beseni kidogo, kiti kidogo, na rangi ya mwezi huu haiwi ya mwezi ujao. Ikiwa kubadili kalibu huchukua saa 4, basi mwenye kiwanda abadiliye mara moja kila siku ataipoteza sehemu moja katika sita za siku yake, hata kama mtambo unakesha. Akiihesabu hasara hiyo atakata shauri kwamba asibadili. Ataziendesha ndoo za buluu wiki tatu mfululizo, ghala litafurika, fedha zitalala katika plastiki huku riba ya benki ikipanda, na siku mchuuzi ajapo kuulizia beseni ataambiwa arudi mwezi ujao. Mchuuzi harudi. Huvuka barabara akanunua beseni lililokuja kwa meli, kisha sisi sote tukasema kwamba bidhaa za kigeni zimeviua viwanda vyetu. Zimeviua kweli, lakini mlango zilioingilia ni zile saa 4 ambazo hakuna aliyemfundisha wala kumlipa mtu azipunguze.

Nataka nisiwe dhalimu katika kuhukumu yaliyopita. Mwaka 1968, Tanzania ilipofungua kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na kile cha Mwatex, Mwanza, azma ilikuwa njema na mafanikio ya awali yalikuwa dhahiri; khanga na vitenge vilivyofumwa humo vilivaliwa bara na pwani. Nchi ilifika hata mahali pa kutambua kwamba haitoshi kuwa na mashine, bali yapasa kuwa na mashine za kutengenezea mashine, na kwa fikra hiyo vikaanzishwa viwanda kama cha Mang'ula, Morogoro, na kile cha zana za mashine cha Kilimanjaro. Vilivyodhoofika baadaye vilidhoofishwa na mambo mengi kwa pamoja: uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri, umeme wa kukatika, pamba isiyofika kwa wakati, na tadbiri mbovu ya ofisini. Haitakuwa insafu kusema kwamba yote yaliletwa na upungufu wa mafundi. Lakini ni haki kusema kwamba palipokuwa na fundi mzuri, mtambo uliokuwa na kipuri kimoja kibovu ulipata kingine cha kuchongwa hapo hapo ukaendelea, na pale alipokosekana, mtambo mzima ulisimama kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kiganja, ukaanza kunyofolewa vipande ili jirani yake aishi.

Wapo watakaosema kwamba zama hizo zimepita, kwa sababu mitambo ya leo huongozwa na kompyuta na hujiseti yenyewe. Kauli hii haina msingi. Mashine iongozwayo na kompyuta haijui chuma kimefungwa mahali gani mpaka fundi aioneshe sifuri yake, yaani ile pembe ambayo vipimo vyote vitahesabiwa kutoka kwayo. Haijui kisu kina urefu gani mpaka kipimwe na kuandikishwa. Haijui kama vaisi imeshika sawa au imebana uchafu. Alama moja ya kutoa ikikosewa, kisu kitashuka kwa kasi yote na kujikita katika vaisi, na kwa kufumba na kufumbua mtambo wa mamilioni utakuwa umepinda uti wake. Leithi ya zamani ilimpa fundi nafasi ya kusikia kosa likianza na kurudisha mkono nyuma. Mashine ya leo hulitimiza kosa kwa utii kamili. Kwa hiyo kompyuta haikuipunguza haja ya fundi, bali imeongeza gharama ya kumkosa.

Wapo pia wenye viwanda wasemao, na huisema hoja hii kwa uchungu wa kweli, kwamba wamfundishapo kijana akahitimu, huhamia kwa mshindani aliyemwongezea kidogo. Ni jambo la zamani. Henry Maudslay huyo huyo niliyemtaja alikuwa mkuu wa karakana ya Joseph Bramah, mtengenezaji mashuhuri wa makufuli wa London, akilipwa shilingi 30 kwa wiki. Mwaka 1797 aliomba nyongeza, akanyimwa, akaondoka na kufungua karakana yake mwenyewe. Na katika miaka michache iliyofuata akakamilisha kerezo ya kukatia meno ya skrubu, ambayo usahihi wake uliweka msingi wa ufundi wa mashine wa karne nzima. Joseph Whitworth, aliyewapa Waingereza kipimo kimoja cha meno ya bolti mwaka 1841, alikuwa miongoni mwa waliopita katika karakana ya Maudslay. Bramah alihifadhi shilingi chache na kumpoteza mtu ambaye hakupatikana wa mfano wake. Ni kweli kwamba mafundi huhama, lakini aghalabu huhama pale ambapo hawakuongezwa hata senti kwa ajili ya ustadi wao, ambapo mwenye kuseti na mwenye kufagia huandikwa katika daraja moja, na ambapo fundi huitwa tu siku mashine ilipoharibika.

Juu ya mwendeshaji nitasema neno maalumu, maana yeye ndiye akaaye na mashine zamu nzima, na wengi wao ni vijana wa kike na wa kiume wanaohesabiwa kuwa ni mikono tu. Mwendeshaji mzuri huujua mtambo wake kwa sauti. Hutambua kwa mvumo kwamba kisu kimeanza kuwa butu, kwa harufu kwamba mafuta yameungua, kwa mguso kwamba kipande kimeanza kutoka katika kipimo kabla hakijatoka kabisa. Mvumbuzi wa Kijapani Sakichi Toyoda alikamilisha mwaka 1924 kitanda cha kufumia kilichojisimamisha chenyewe uzi ukikatika, kusudi kisifume nguo mbovu, na hakika ya jambo hilo ni kwamba kusimama kwa wakati ni sehemu ya kazi. Basi ikiwa tulikipa chuma haki ya kusimama kionapo kosa, ni aibu iliyoje kumnyima haki hiyo mwanadamu! Na bado katika viwanda vingi mwendeshaji aisimamishaye mashine kwa shaka hukemewa mbele ya wenzake, ilhali aliyeiacha ikatoa mia mbili mbovu husifiwa kwa kufikisha idadi.

Ubaya wa desturi hiyo huwa mkubwa zaidi pale panapohusu uhai. Wakati wa kuseti ndio wakati ambapo vizuizi huondolewa na mikono kuingia mahali ambapo siku nyingine haingii. Sheria ya Tanzania ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 yataka sehemu za hatari za mashine zikingwe, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila mtambo usiku wa manane. Kaida ni moja, nayo haina gharama: swichi kubwa izimwe, itiwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule ambaye mkono wake umo ndani, si wa msimamizi wala wa mlinzi. Mwenye kiwanda anayeona kwamba kufuli humchelewesha amekwisha kupima thamani ya vidole vya mtu, na amevipima kwa mizani mibovu.

Nini basi kifanyike? Serikali zetu zina vyombo vya kuanzia. Tanzania ina SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu mwaka 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, chini ya sheria ya mwaka 1994, na Kenya na Uganda zina vyuo vyao. Vyuo hivyo viufanye utayarishaji wa mitambo kuwa fani kamili yenye jina, mtihani na cheti, usiwe somo la kupitia. Na mwanafunzi asihitimu kabla hajaiseti mashine halisi, katika kiwanda halisi, mbele ya fundi mzee atakayelitia sahihi jina lake. Wanunuzi wa mitambo, wa serikali na wa binafsi, waandike katika mkataba kwamba mafundi wetu watakuwapo tangu msumari wa kwanza wa sanduku ung'olewapo, watausimika mtambo pamoja na wageni, na watabakiwa na vitabu vya maelezo vilivyoandikwa kwa lugha wanayoielewa vyema. Na kila kiwanda kiwe na daftari kando ya kila mashine, ambamo fundi ataandika kwa kila kalibu joto, shinikizo, kasi na muda uliofaa, pamoja na ila alizoziona na dawa aliyozitibia, ili maarifa yasizikwe pamoja na mtu wala yasihame pamoja naye.

La mwisho ni ujira na hadhi, nalo ni zito kuliko yote. Mwenye kiwanda na apime kwa saa, mwezi mmoja tu, muda ambao mitambo yake husimama ikingoja kusetiwa, auzidishe kwa thamani ya bidhaa ambazo zingetoka katika muda huo, kisha aiweke hesabu hiyo kando ya mshahara wa fundi wake. Ninaamini kwamba wengi watakaoifanya hesabu hiyo kwa unyofu wataona kuwa nyongeza waliyoikataa kwa miaka ni ndogo kuliko hasara wanayoilipa kila juma. Na wakiisha kuona, wasingoje mkutano wala tamko la waziri: wamwite fundi ofisini, wamkalishe kwenye kiti, wamwulize ni kitu gani humchelewesha, na wamlipe kwa kadiri ya kile anachokiokoa.